Maghorofa yamekula ua: nyumba za bibi zetu Kariakoo na apatimenti zilizokaa mahali pake

Mtoto wa Narung'ombe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka shangazi kwenye nyumba ya familia, Mtaa wa Narung'ombe. Nasema nyumba kwa mazoea. Nyumba yenyewe, ile ya bibi, ilivunjwa mwaka 2015 na mahali pake likasimama jengo la ghorofa nane. Sisi warithi tulipewa apatimenti mbili ghorofa ya saba na fremu moja chini, mwekezaji akabaki na vingine vyote. Shangazi ana miaka 71, aliolewa Tanga tangu usichana na hakuwahi kupanda huko juu. Lifti siku hiyo ilikuwa mbovu, kwa hiyo tulipanda ngazi, tukipumzika kila baada ya ghorofa mbili katikati ya marobota ya vitenge. Tulipofika alizunguka vyumba vyote kimya. Akafungua dirisha la jikoni, akakuta ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa, tofali tupu hazijapigwa hata lipu. Akakaa chini kwenye vigae, akakunja kanga magotini, akaniuliza: "Sasa mwanangu, ua uko wapi?"

Swali hilo ndilo limenileta hapa.

Kwa wadogo zangu ambao hawajawahi kulala nyumba ya Kiswahili, nieleze ilivyo. Mbele kuna baraza ya saruji, upande huu na upande huu wa mlango. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu ulionyooka katikati kama njia, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, milango inatazamana. Ukumbi unakutoa uani. Uani ndiko kuna jiko, stoo, choo, bafu, bomba na kamba za kuanikia. Mlango wa mbele na wa nyuma vikiwa wazi, upepo wa kusi unapita ndani ya ukumbi mpaka pazia za vyumba zinachezacheza. Bibi alikaa chumba cha kwanza kushoto, vitano vilivyobaki kapangisha, kila chumba familia yake. Mpangaji wa chumba cha nne alikuwa fundi cherehani, mashine yake ilikaa barazani mchana na ukumbini usiku.

Uani ndiko tulikolelewa. Mbuzi ya nazi ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Mtu akikuna nazi, watoto wote tunasogea kungoja machicha. Mwali akitolewa, ni uani. Msiba ukitokea, wanawake uani, wanaume barazani na mtaani chini ya turubai. Mgonjwa akitolewa nje apate hewa, mkeka wake unatandikwa chini ya mwarobaini wa uani na kila anayepita kwenda bafuni anamjulia hali. Nyumba ya vyumba sita ilibeba watu ishirini na kitu kwa sababu ya ule ua. Vyumba vilikuwa vya kulala tu.

Mtaa wenyewe nao una historia yake. Wajerumani ndio walioupima, mwaka 1914 mitaa ikapigwa mistari iliyonyooka, viwanja vidogovidogo, wakapanga Mnazi Mmoja pawe uwanja wazi wa kutenganisha Waafrika huku na Wahindi na Wazungu kule. Vita vilipokuja Waingereza wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na wazee wetu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao hadi likawa Kariakoo. TANU ilizaliwa hapahapa Julai 7, 1954, kwenye mtaa ambao leo ni Lumumba. Siasa ile haikupangwa kwenye kumbi za mikutano peke yake. Ilipangwa barazani na uani kwenye nyumba kama ya bibi.

Na kwa nini Kariakoo ilikaa chini miaka yote ile halafu ikarefuka ghafla? Mzee wetu alikuwa akisema ni hofu ya 1971. Mwaka ule sheria ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Aliyekuwa na hela akaona kujenga ghorofa ni kujitafutia kuporwa. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba, biashara ilikuwa imeshafunguliwa, hofu ikaisha, na tangu hapo kila kiwanja kinapanda kivyake.

Hicho "kivyake" ndicho ninachokilalamikia. Mimi sipingi ghorofa. Dar ina mamilioni ya watu, hatuwezi kukaa wote kwenye nyumba za chini mpaka Kisarawe. Napinga ghorofa lililojengwa kana kwamba chini yake hapakuwahi kuishi watu. Kiwanja kile cha nyumba moja kinajazwa zege kutoka mpaka hadi mpaka, ua unakuwa stoo, baraza inakuwa fremu mbili, na wanaoishi juu wanabaki na korido isiyo na dirisha. Wakuu, wenye uzoefu naomba mchangie. Kulikuwa na njia nyingine?

Mrithi wa Sikukuu

Mkuu nakuheshimu, ila umepaka rangi nzuri nyumba ambayo mimi naikumbuka vingine.

Kwetu Mtaa wa Sikukuu choo kilikuwa kimoja, shimo, watu 27. Asubuhi unapanga foleni na ndoo yako ya maji. Mvua za masika zikija, maji yanaingia kwa mlango wa uani na kutokea kwa mlango wa mbele, tunapandisha magodoro juu ya meza. Bati lilikuwa la zamani hata kabla sijazaliwa. Mama yangu alipika miaka thelathini jiko la mkaa ndani ya kibanda cha uani, leo kifua chake kinajua.

Halafu mirathi. Baba alifariki akaacha watoto kumi na mmoja kwa mama watatu. Nyumba ya vyumba sita unaigawaje kwa watu kumi na mmoja? Miaka tisa tumekaa mahakamani. Aliyetuokoa ni ubia: tukasaini, jengo likapanda, kila tumbo likapata apatimenti moja, na kodi ya fremu tunagawana kwa hesabu iliyoandikwa. Ndugu zangu walioacha kusalimiana sasa wanasalimiana. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, ua ulikuwa mzuri kwa aliyekuwa mtoto. Kwa mama aliyekuwa anaufagia, sina hakika.

Mtoto wa Narung'ombe (mleta uzi)

Umesema kweli, na habari ya mama imenigusa. Bibi pia alikohoa kwa moshi ule. Siombi turudishe bati na choo cha shimo.

Ila nikuulize kitu kimoja kaka. Hizo apatimenti tatu mlizopata, ndugu zako wanaishi humo? Kwetu hakuna anayeishi. Moja imepangwa na mfanyabiashara anaweka mzigo wa viatu, ya pili ilikaa tupu tangu mpangaji alipohama kwa ajili ya maji. Ghorofa ya pili mpaka ya tano zote ni stoo. Jengo la ghorofa nane, na usiku madirisha yanayowaka taa ni manne. Nyumba ya bibi ilikuwa inalaza watu ishirini na kitu kwenye kiwanja hichohicho.

Mrithi wa Sikukuu

Hatuishi. Mimi niko Mbagala, dada Kimara, wengine Chanika. Tumepangisha zote.

Nondo Kumi na Sita

Mimi ni mhandisi wa majengo, sitataja ninakofanya kazi. Mleta uzi umegusa jambo la hatari umelipita haraka: apatimenti iliyogeuzwa stoo.

Kwa kanuni za Uingereza ambazo wengi wetu tulisomea, sakafu ya nyumba ya kuishi inasanifiwa kubeba kilonyutoni 1.5 kwa mita mraba, yaani kama kilo 150. Kitanda, kabati, watu, sherehe ndogo, inatosha. Sakafu ya stoo ya kawaida inahesabiwa kilonyutoni 2.4 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo. Panga marobota hadi mita 3, umefika kilonyutoni 7.2, zaidi ya kilo 700 kwa mita mraba. Hiyo ni karibu mara tano ya kile ambacho aliyechora chumba cha kulala alikifikiria. Jengo lina akiba ya usalama, ndiyo maana mengi bado yamesimama. Lakini akiba iliwekwa kwa ajili ya zege lililochanganywa vibaya na nondo iliyosogea, haikuwekwa ili mtu aile yote kwa viatu na vitenge.

Halafu kuna kuchimba. Fremu ya chini ndiyo yenye pesa, kwa hiyo mwenye jengo la zamani anataka kuongeza biashara chini ya ardhi. Novemba 16, 2024 tuliona sote. Jumamosi asubuhi, hapahapa Kariakoo, jengo la ghorofa likashuka na watu ndani, waliokufa ni zaidi ya 20, na siku kadhaa waokoaji walikuwa wakisikia sauti chini ya kifusi. Kabla ya hapo, Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani.

Ninaposikia mtu anasema mjadala wa nafasi na hewa ni wa kujipamba, namwambia hapana. Jengo lisilo na watu wanaoishi ndani halina anayegundua ufa. Mama anayepika kila siku jikoni ndiye wa kwanza kuona vigae vinapanda au mlango umeanza kugoma kufunga. Robota halioni.

Mama Fremu

Naomba na sisi wa chini tusikike. Nina fremu Mtaa wa Kongo mwaka wa kumi na moja. Kilemba nilicholipa kuingia sikitaji hapa, watu watasema naongopa. Nikishalipa kilemba na kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, stoo ya mbali siwezi, mzigo lazima uwe juu yangu hapohapo, mteja akiuliza saizi kijana apande ngazi ashuke nayo. Wafanyabiashara hatukuamka tukaamua kuua makazi. Bei ya fremu ndiyo inayotafuna ghorofa za juu.

Wanaotoka Zambia, Kongo na Malawi kununua hapa wanaleta pesa nchini. Msitake Kariakoo iwe makumbusho.

Ila choo, jamani. Tuko wauzaji kama arobaini kwenye jengo letu, choo ni kimoja, kwa kulipia. Na chemba za mtaani zinafumuka kila masika. Mabomba ya maji taka yaliwekwa wakati mtaa una nyumba za chini, sasa kila kiwanja kina ghorofa nane au kumi.

Mpwa wa Michenzani

Assalaam alaykum nyote. Mie wa Unguja, nimezaliwa Michenzani jumba namba sita, naona mazungumzo yenu yamefika mlangoni kwangu.

Sisi yalitufika mapema zaidi yenu. Ng'ambo yetu, yaani mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ilikuwa nyumba za udongo na makuti na ua kama hizo mnazosema. Baada ya Mapinduzi serikali ya Mzee Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ikaja na ramani ya mji mpya: barabara mbili pana zikatane, na pembeni majumba marefu ya fleti. Michenzani yamesimama kumi, jumba moja linakaribia mita 300. Watu walivunjiwa nyumba zao wakapewa fleti, na wengi walifanya kazi ya kujitolea kwenye ujenzi wenyewe. Marehemu babu alibeba matofali pale.

Watu wengi wa nje wanayaona majumba yale mabaya. Mie siwezi kusema hivyo, yamenilea. Fleti ina choo chake, jiko lake, madirisha pande mbili, upepo unapita. Hilo la pande mbili msilidharau, kwa sababu jumba ni jembamba na limesimama peke yake, halikugandana na jengine. Lakini babu hakuwahi kukaa ndani. Alfajiri baada ya sala anateremka na kiti chake, anakaa chini ya jumba na wenzake, kahawa inapita, bao linachezwa. Wanawake nao wakajifanyia baraza kwenye ngazi, kila ngazi ina wenyewe. Anayekuja na mafenesi au samaki anajua ateremshie wapi. Yaani wazungu walituchorea fleti, wenyewe tukaongeza baraza.

Tabu yetu kubwa ilikuwa maji. Hayapandi juu. Nimekua nikipandisha madumu mpaka ghorofa ya tano kabla ya skuli. Kwa hiyo mwambie shangazi yako kwamba ua unaweza kuteremka ukaufuata chini, almuradi chini pawepo pahala. Michenzani chini pana nafasi na miti. Kwenu Kariakoo naona chini pote ni fremu.

Mtoto wa Narung'ombe (mleta uzi)

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nimemsomea shangazi maneno yako kwa simu, amecheka hapo kwenye kiti cha babu. Anasema marehemu mumewe alikuwa vivyo hivyo.

Hii "almuradi chini pawepo pahala" ndiyo habari yote.

Kalamu na Rula

Nimesoma mchango wa kila mtu. Mimi ni msanifu majengo, nimechora majengo manne Kariakoo, na kwa mawili kati ya hayo sioni fahari.

Nieleze kinachotokea mezani kwangu. Anakuja mteja na kiwanja kimoja, chembamba, majirani pande tatu. Jambo la kwanza analoniuliza ni fremu ngapi zitatoka chini. La pili, ghorofa ngapi. Ukimwambia tuache nafasi nyuma, anapiga hesabu ya fremu anazopoteza anakwenda kwa mchoraji mwingine. Pembeni huwezi kuweka dirisha kwa sababu jirani naye atapanda mpaka mpakani, kwa hiyo madirisha yote yanakwenda mbele, na vyumba vya katikati vinabaki gizani. Tunaweka shimo la hewa la mita moja na nusu, tunalipa jina zuri kwenye mchoro, mwaka wa pili limejaa mabomba ya kiyoyozi na takataka. Mbele tunabandika vioo vya bluu vinavyotazama jua la magharibi. Halafu kila chumba kinanunua kiyoyozi na kinatema joto kwa jirani.

Mleta uzi umeuliza kama kulikuwa na njia nyingine. Ipo, na ni ya hesabu ndogo. Chukua viwanja vinne vinavyopeana migongo. Kila mmoja wa majirani akiacha robo yake ya nyuma, robo nne zinakutana katikati na mnapata ua mmoja wenye ukubwa wa kiwanja kizima. Hakuna aliyetoa zaidi ya robo, na kila mmoja amepata dirisha la pili, upepo unaoingia mtaani na kutokea nyuma, mahali pa watoto, pa matangi, pa kukimbilia moto ukitokea. Ni ule ukumbi wa nyumba ya Kiswahili uliosimamishwa wima: mlango mbele, mlango nyuma, hewa katikati. Wazee hawakuwa na kiyoyozi ndiyo maana walilijua hili.

Ugumu hauko kwenye mchoro. Ni wenye viwanja wanne, nyuma ya kila mmoja warithi kumi, wakubaliane siku moja. Benki inamkopesha mmoja, kibali kinaombwa na mmoja, mwekezaji anasaini na mmoja. Mpaka halmashauri itakapotoa masharti kwa kitalu kizima badala ya kiwanja, kila mtu atachora peke yake. Mwenye kukubali kuunganisha angepaswa kupewa ghorofa moja zaidi kama zawadi, na asiyekubali abaki na chache. Watu wangeungana wenyewe.

Na msiseme hatuna mfano wetu wa zege lenye akili. Soko la Kariakoo lile lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa 1975. Simama chini uangalie juu: miavuli ya zege, imepandana, mwanga unapenya katikati, hewa ya moto inatoka juu, na maji ya mvua yanateremka kwenye nguzo yakakusanywa chini. Jengo zima halina kioo cha bluu hata kimoja. Liliungua Julai 10, 2021, likakarabatiwa, na ile miavuli bado ipo. Kila ninapopita na wanafunzi huwa nawasimamisha hapo kwanza kabla ya kuwaonyesha jengo lolote la kioo.

Mkazi wa Kota

Naomba niongeze Magomeni Kota, maana nyumbani ni huko. Kota zetu za zamani zilivunjwa tukatawanyika, kila mtu kwa ndugu yake au kwa kupanga, kaya 644. Tulikaa miaka tukiamini tumedhulumiwa. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaja, akaagiza tujengewe, Wakala wa Majengo wakajenga, na Machi 2022 Rais Samia akazindua. Waliorudi ni walewale, kwa orodha ya kaya zilezile. Wengine walirudi watoto kwa sababu wazazi walikufa wakingoja.

Nachotaka kusema ni kwamba tulipata nafasi chini, kati ya jengo na jengo, kwa sababu eneo lilikuwa moja la serikali, halikukatwakatwa. Jioni watu wanakaa nje. Ila mama lishe waliokuwa wakipikia barazani hawana mahali, na ada ya lifti na usafi ni mjadala usiokwisha. Jirani yangu hajawahi maishani kulipia ngazi.

Mrithi wa Sikukuu

Msanifu umenifikirisha. Nyuma yetu kulikuwa na nyumba ya mzee mmoja Mtaa wa pili, kuta za nyua zetu ziligusana, tulikuwa tunapeana vyombo juu ya ukuta na futari mwezi wa Ramadhani. Alijenga mwaka mmoja baada yetu. Hata siku moja hatukukaa naye kuzungumza. Sasa ukuta wake umeziba jiko letu na wetu umeziba lake.

Nondo Kumi na Sita

Mleta uzi, swali la kiserikali kidogo. Apatimenti zenu mbili mna hati zake? Sheria ya 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo iwe na hati yake, na wamiliki waunde chombo cha kusimamia vya pamoja: ngazi, lifti, paa, tangi, koridoni. Bila hati nyinyi ni kama wapangaji wa kudumu kwa huyo mwekezaji.

Mtoto wa Narung'ombe (mleta uzi)

Hatuna. Tuna mkataba wa ubia wa kurasa sita, msimamizi wa mirathi alisaini kila ukurasa, na mwekezaji anatuambia hati ziko njiani tangu 2018. Nimeanza kumfuatilia kwa maandishi, sitamtaja hapa. Wenye ubia mpya, wekeni tarehe ya hati ndani ya mkataba kabla hamjaruhusu nyumba ivunjwe. Sisi hatukuweka.

Sasa nimalizie la shangazi, maana wengine mmeniuliza faragha kama bado yuko mjini.

Siku ya pili alinambia nimpandishe tena, mpaka juu kabisa. Lifti ilikuwa imepona, ila inaishia ya nane, kwenda paani ni ngazi nyembamba ya chuma. Nilimshika mkono. Paani kuna matangi manne, masahani ya televisheni mabovu, mabaki ya vigae vya ujenzi na jenereta isiyofanya kazi. Lakini kuna upepo, wakuu. Kusi ilikuwa inavuma na kanga yake ikajaa kama tanga. Akaona bahari kule, akaona mnara wa msikiti aliosomea madrasa, akaniuliza lile paa ni la nani. Nikamwambia nadhani ni la wote.

Tangu hapo hajarudi Tanga. Apatimenti iliyokuwa tupu ameingia yeye. Ametembelea milango yote ya ghorofa ya sita, ya saba na ya nane, apatimenti kumi na mbili, hata zile za mizigo amewatafuta wenyewe chini kwenye fremu zao. Anachotaka ni paa lisafishwe, ukuta wa pembeni upandishwe kimo cha kifua watoto wasianguke, kamba za kuanikia zifungwe, na kivuli cha makuti upande mmoja. Tumeelewana wenyewe kwa wenyewe kwamba wakisaini saba kazi inaanza. Hadi leo amepata watano. Wa sita ni kijana wa viatu, anasema yuko tayari ila anaogopa gharama za ukuta.

Mhandisi, nataka kujua kama paa lililochorwa bila watu linaweza kubeba hilo kabla hatujapandisha tofali hata moja. Msanifu, nikikutumia picha na vipimo utanisaidia mchoro wa kivuli? Na kama kuna yeyote hapa ambaye jengo lao lina kanuni zilizoandikwa za matumizi ya paa na ngazi, naomba aniwekee vifungu vyake. Tunakutana Jumapili saa kumi jioni, paani hapohapo, mbuzi ya nazi imeshapandishwa.

Kalamu na Rula

Tuma. Ila Jumapili nitakuja mwenyewe na futi yangu, picha hazioneshi nyufa.

Nondo Kumi na Sita

Nami nipo. Msimwage mchanga wala kupandisha tofali mpaka nifike. Na hayo mabaki ya vigae anzeni kuyateremsha leo, ni uzito wa bure.

Mama Fremu

Huyo kijana wa viatu namfahamu, ananunua kwangu maboksi. Niachieni mimi nitaongea naye.